Naomba ushauri: mwanagenzi hodari asiye mkweli kwa wateja

Ndugu zangu, ninaendesha karakana ndogo ya kuchomelea vyuma hapa Katwe, Kampala, ambako mafundi wengi, nami nikiwamo, tulijifunza kazi kwa kumtazama mkubwa wetu. Kijana ninayemfundisha, sasa akiwa mwaka wake wa pili, hutengeneza geti kwa ustadi unaonizidi. Lakini wiki iliyopita nilimkuta akifunika kwa rangi mchomeleo usioshika, kisha akamhakikishia mama mwenye geti kwamba kazi ni imara. Niliirudia kazi ile kwa gharama yangu, naye akanyamaza tu. Sitaki kumfukuza, maana nampenda kama mwanangu. Je, ninyi mliolea vijana kazini, uaminifu mliufundishaje: kwa kuwakata posho, au kwa kuwakabidhi wenyewe wateja na dhamana ya kazi?