Ufa nyuma ya nyumba ya wazee Mikindani, niwahamishe ama ningoje? Naombeni ushauri

Binti_Mikindani:
Jamani salamu zenu. Wazee wangu wakaa Mikindani hapa Mombasa, upande ule unaoteremka kuelekea kriki, ule mkono wa bahari, nyumba babangu aliianza 1994 chumba kimoja kimoja mpaka ikaisha. Sasa jirani wa chini kachimba ukingo apate nafasi ya kujenga, kaukata wima kimo cha mtu na nusu, hajaweka hata jiwe la kuuzuia, na tangu ile mvua ya juzi usiku nyuma ya jiko letu pametokea ufa mrefu wafuata ukingo, jana nikatia penseli ikazama yote, na mlango wa choo uliokuwa wafunga vizuri sasa wakwama juu. Babangu asema mvua ziko tangu zamani na nyumba haijaenda popote. Mimi silali. Ati naogopa bure? Nianzie wapi, na pesa ni kidogo.

FundiJuma_Changamwe:
Dadangu huogopi bure, mlango kukwama ni nyumba yasogea. Maji ya gata na ya bafu yamwagika wapi? Kama ni hapo nyuma basi nyinyi wenyewe mwaunywesha ule mteremko kila siku. Maji yakijaa ndani ya udongo yasukuma zile chembe ziachane, zisishikane tena, na udongo wenyewe wazidi uzito. Ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi, shindilia sawasawa, juu tandika nailoni, maji ya paa yapeleke kwa paipu mpaka mtaro wa barabarani. Usipake simiti tu, itapasuka. Na upande wetu si kama kisiwani ama Nyali, wao wamekalia jiwe la matumbawe, sisi chini ni mwamba laini wa tope, ukilowa wateleza.

Mwl_Pwani:
Mzee hasemi uongo, ila mvua iliyoijaribu nyumba yake ni nyingine. Hewa ikiongezeka joto digrii 1 yaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hivyo mvua yaja kwa kishindo. Vuli ya 2019 bahari upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, upande wa Indonesia ikapoa, mvua ikapiga mpaka Novemba milima ikaporomoka West Pokot, watu zaidi ya 40 wakafa. Vuli ya 2023 hali hiyo ikaja pamoja na El Niño, na wanasayansi walipopiga hesabu wakaona joto la dunia liliizidisha ile mvua hata kufikia maradufu. Tena kiangazi kikali hupasua udongo kwanza, mvua ikija yakuta njia iko wazi. Na 1994 ule ukingo ulikuwa mzima!

Nyambura_Kisauni:
Mimi kwetu ni Murang'a, najua udongo ukishuka. Tafadhali usingoje mvua ya usiku, watu huwa wamelala. Leo hii toeni vitanda vyumba vya nyuma. Pigeni misumari miwili kwa vigingi, kimoja huku cha pili ng'ambo ya ufa, mpime kila asubuhi, ukipanuka hata kidogo tokeni wote.

Kaka_Jomvu:
Na huyo jirani asimamishwe leo leo. Nendeni kwa mzee wa mtaa, kisha chifu, kisha ofisi ya ujenzi ya kaunti na picha mkononi. Msigombane naye, yeye ndiye ataangukiwa kwanza.

Binti_Mikindani:
Ahsanteni sana wenzangu. Paipu tumeshafunga, ufa tumeziba, jirani kasimamisha kuchimba alipouona kwa macho yake. Vigingi nimepiga jana jioni, kati ya misumari ilikuwa sentimita 40 kamili. Leo alfajiri nikasikia mtu nyuma, kutoka namkuta babangu kachutama na tepu. 40 na nusu. Hakusema neno, kaingia ndani katoka na godoro kichwani.