Siku moja Kutch, India: tuzipange vipi ziara za ndugu?

Mjukuu wa Pangani:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mwezi ujao ninamsindikiza mama yangu Gujarat, jimbo la India lenye wilaya ya Kutch. Babu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi ya Mandvi, aliyekuwa akija Pangani na upepo wa kaskazi na kurejea kwao na kusi. Tumepanga siku moja ya ziara: asubuhi Bhuj kwa binamu, mchana Mandvi kwa dada yake mama wa baba mmoja, jioni Jambur kwa Masidi, ambao asili yao ni Afrika. Tubebe zawadi gani, na tukae muda gani kila nyumba bila kuonekana tuna haraka?

Bi Karafuu:
Bebeni karafuu za Pemba na kanga mpya. Mkitoa fedha, tieni kwenye bahasha rupia 101 au 501, kwa sababu ile moja ya juu huwekwa makusudi kwa ajili ya baraka. Kuvua viatu mlangoni na kula kwa mkono wa kulia mmekuzwa nako, hakutawasumbua.

Msafiri wa Kusi:
Mimi nilifika Madhapar, kijiji kilicho jirani na Bhuj ambacho watu wake wengi wana ndugu Kenya na Uingereza. Mzee mmoja aliyewahi kuwa na duka Nairobi aliposikia ninatoka Mombasa alinishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili kama embe za ngowe bado zinauzwa sokoni. Alinimiminia chai kwenye kisahani, akanitazama mpaka nikainywa yote, kisha akaanza kunisimulia tetemeko la Januari 2001 na jinsi walivyolala nje. Nusu siku ilikwisha hapo. Usihesabu saa katika nyumba za Kutch.

Mzee wa Chumbageni:
Mwanangu, umeeleza safari yote isipokuwa jambo moja. Huyo dada yake mama amewaalika mwenyewe, au aliyewaalika ni binamu peke yake?

Mjukuu wa Pangani:
Binamu, ambaye ni mjukuu wake, ndiye anayeratibu kila kitu.

Mzee wa Chumbageni:
Hilo si jibu la swali langu.

Mjukuu wa Pangani:
Huyo dada hajui kwamba mama yupo duniani. Babu hakuwahi kuwaambia watu wa Mandvi kuwa alioa Pangani. Binamu anaona tukifika mlangoni hatakuwa na nafasi ya kukataa, nami nimekubaliana naye, kwa kuwa tiketi zimekwisha kulipwa na mama amengoja jambo hili tangu utoto wake.

Ummu Salma:
Watoto wa ndoa zote mbili wana haki sawa kwa baba yao, lakini mgeni akibisha hodi ghafla, wenye nyumba watadhani amefuata mirathi. Mwogopeni Mungu, msimshtue mtu mzima.

Nahodha Asiyelala:
Ninatilia shaka kisa chote. Jambur iko wilaya ya Gir Somnath, ng'ambo ya Ghuba ya Kutch, na barabara inaizunguka ghuba nzima. Hakuna mwenye ndugu Mandvi anayeweza kupanga kufika huko jioni ileile.

Mjukuu wa Pangani:
Jambur ni ombi la mama, nasi tutaipeleka siku nyingine. Kuhusu ukweli, ninayo picha ya babu akiwa ukingoni mwa mto Rukmavati, nyuma yake jahazi ambalo mataruma yake, yaani mbavu zake, bado hayajafunikwa mbao. Nyumba yao hatuihitaji. Mama anataka kumsalimu dada yake.

Nahodha Asiyelala:
Majahazi ya Mandvi hujengwa hapo hapo mtoni. Ninaiondoa shaka yangu.

Mzee wa Chumbageni:
Basi picha hiyo itangulie. Binamu ampelekee bibi yake, amweleze wakiwa wawili, na ampe siku kadhaa. Nanyi mkilala kwao, mwenye nyumba atoe taarifa serikalini ndani ya saa 24, maana ninyi ni raia wa kigeni.

Mjukuu wa Pangani:
Picha nitaituma usiku huu. Safari siiahirishi: akikataa kutupokea, mama atakaa Bhuj kwa binamu, na mimi nitakwenda Mandvi peke yangu kumpelekea karafuu.