Warsha ya mjadala kwa wasimamizi wa mifumo wazoefu: tuiendesheje?

Mwanaseva (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Nataka tukutane siku moja hapa Dar, wasimamizi wa mifumo ya kompyuta waliokwisha kukomaa: wa benki, hospitali, vyuo, kampuni za intaneti. Sitaki darasa. Warsha nyingi tunazoalikwa huanza kwa kueleza seva ni nini, kisha muuzaji anapanda jukwaani na slaidi zake. Mtu aliyewahi kubadilisha diski ya RAID 5 (diski kadhaa zinazolindana, ikifa moja tu data inabaki) saa nane usiku, akaona nyingine inakufa kabla ile mpya haijamaliza kujazwa, pale haokoti kitu. Huyo anataka wa kubishana naye.

Hofu yangu ni ukimya. Waajiri wengi hawapendi tuseme yaliyoharibika, halafu kuna wakubwa wawili watatu ambao wakishika mada hawaiachii. Mliowahi kuendesha mjadala wa hivi mlianzia wapi? Watu wangapi?

Binti_Kisauni (Mombasa)

Kaka, anza na msiba wa wengine ulioandikwa hadharani. Hapo hakuna atakayemwogopa bosi wake. Mimi hutumia wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu msimbo wa programu zao mtandaoni, Januari 31, 2017. Usiku, mhandisi alifuta folda ya databesi akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe ni ile kuu. Data ya karibu GB 300 ikaondoka. Wakakimbilia bakapu, yaani nakala za akiba: pg_dump, programu ya kunakili databesi, iliyokuwa ikiendeshwa ni toleo la 9.2, databesi ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikigoma, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani nakala ya diski kama ilivyokuwa wakati huo, ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa.

Wasomee kwa sauti hadi pale anapobonyeza, kisha simama. Muulize kila mmoja kwa zamu: wewe ungefanya nini dakika hii? Swali la pili ndilo linalouma: bakapu yako mwenyewe, mara ya mwisho uliirejesha lini ukaona inafanya kazi?

Njia_Mbili (Nairobi)

Utaratibu wa dada naukubali, mfano siukubali. GitLab iko mbali. Jumapili ya Mei 12, 2024, kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kaskazini mwa Durban, karibu kila mtu atakayeingia chumbani kwako aliitwa kazini. Ubishi wa kweli uko hapo. Nani alikuwa na njia ya pili iliyopita kebo tofauti, na nani alilipia mikataba miwili, yote inapita kebo ileile? Tovuti ngapi zenye seva hapa hapa nyumbani ziligoma kufunguka kwa sababu DNS yake (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) iko Ulaya?

Kuhusu siri, tumia kanuni ya Chatham House: ulichojifunza ondoka nacho, ila nani alisema na anafanya kazi wapi yabaki ndani. Na mkuu wa idara asikae meza moja na vijana wake.

Mzee_Unix (Kampala)

Wasizidi thelathini. LISA, mkutano wa wasimamizi wa mifumo wa chama cha USENIX, ulioanza 1987 na kufungwa 2021, ulikuwa na warsha ya wazoefu ya namna hii: mwendeshaji mmoja, foleni ya wanaotaka kusema, hakuna mhadhiri. Foleni ndiyo dawa ya hao wakubwa wako. Jina linaandikwa, mtu anasubiri zamu yake.

Mwanaseva (Dar es Salaam)

Asanteni sana, mmenifungua. Asubuhi nitaanza na kebo, kwa sababu lile halikuwa kosa la yeyote chumbani na watu watasema bila woga. GitLab nitaiweka baada ya chakula, dada, si kwa kuidharau: swali lako la kurejesha bakapu linataka watu waliokwisha kuaminiana. Foleni naichukua, na namtafuta mwendeshaji asiyependa kusikia sauti yake. Wauzaji hawaingii, hata wakijitolea kulipia chakula.

Anayetaka kuja aniandikie pembeni tatizo moja la kazini kwake ambalo bado halijaisha. Mada za alasiri nitazipanga kutokana na hayo. Na anayejua ukumbi wenye jenereta maeneo ya Mwenge au Ubungo anitajie, pamoja na bei.