Bei ya jumla imepanda: nipandishe yangu au nivumilie? Naomba ushauri wenye hesabu

MzigoMpya (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji ushauri wa bei kwa muuzaji wa rejareja wa bidhaa za kila siku.

Sabuni ya kufulia inanunuliwa kwa 80 na kuuzwa kwa 100 (chukulieni ni fedha yoyote). Kwa wiki vinatoka vipande 500. Sasa bei ya jumla imekuwa 88. Ndani bado kuna vipande 500 vya mzigo wa zamani.

Naombeni mnisaidie haya: nipande hadi 110 au nibaki 100? Mzigo wa zamani niuuze kwa bei ipi? Na je, ni kweli kwamba sabuni ni bidhaa ya lazima, kwa hiyo watu watanunua tu hata ikipanda? Kuna pia mboga mbichi ambazo jioni hubaki; kila siku nabahatisha bei ya kuzimalizia.

---

Kipimo

Mkuu, tuanze na hilo la "bidhaa ya lazima", maana ndipo wengi wanapoumia.

Unyumbufu wa mahitaji ni namba inayoonyesha kiasi kinachonunuliwa kinashuka kwa asilimia ngapi bei ikipanda kwa asilimia 1. Ikiwa chini ya 1, watu wanaendelea kununua karibu kama zamani na mapato yanaongezeka. Ikizidi 1, wanakimbia kwa kasi kuliko bei inavyopanda, na mapato yanashuka.

Ni kweli kwamba sabuni kwa jumla ina unyumbufu mdogo. Nguo lazima zifuliwe, na hakuna kitu kingine cha karibu cha kushika nafasi yake. Lakini hiyo ni sabuni ya soko zima. Sabuni ya aina moja ina mbadala, yaani aina nyingine iliyo kwenye rafu ileile. Na sabuni ya aina hiyo KWAKO ina mbadala wa karibu zaidi: sabuni ileile kwa muuzaji wa pili. Kwa hiyo unyumbufu unaokuhusu ni mkubwa kuliko wa soko, wakati mwingine mara nyingi zaidi. Mtu haachi kufua, anaacha kununua kwako.

Swali la kwanza basi ni hili: je, bei ya jumla imepanda kwa wote au kwa msambazaji wako peke yake? Kama ni kwa wote, wenzako nao watapanda ndani ya siku chache, na wewe utakuwa unasogea pamoja na soko. Kama ni kwako tu, tafuta msambazaji mwingine kabla hujagusa bei.

Hesabu ya haraka: faida yako ghafi ilikuwa 20 × 500 = 10,000. Ukiuza kwa 110, faida kwa kipande ni 22. Ili urudi kwenye 10,000 unahitaji vipande 455. Yaani unaweza kupoteza vipande 45 tu, asilimia 9. Mauzo yakishuka zaidi ya hapo, umeharibu.

---

Daftari la Mauzo

Nakubaliana na Kipimo kuhusu mbadala, ila hesabu ya mwisho inahitaji kusahihishwa, tena ni kosa linalofanya watu wengi waogope kupanda.

Faida ya 10,000 haipo tena. Iliondoka siku bei ya jumla ilipokuwa 88. Usilinganishe 110 na jana; linganisha 110 na kubaki 100 leo:

Ukibaki 100, faida kwa kipande ni 12. Hata usipopoteza mteja mmoja, ni 12 × 500 = 6,000.
Ukipanda hadi 110, faida kwa kipande ni 22. Kufikia 6,000 unahitaji vipande 273 tu.

Maana yake, kupanda kunakuumiza endapo tu mauzo yatashuka kutoka 500 hadi chini ya 273, karibu asilimia 45. Na ukitaka kubaki 100 na kurudisha ile 10,000, utahitaji kuuza vipande 834 kwa wiki. Jiulize vitatoka wapi.

Kuhusu mzigo wa zamani: usiuuze kwa kuangalia risiti ya 80. Uangalie kwa gharama ya kuurudisha. Mtaji uliolala ndani ya vipande hivyo ni 40,000. Ukila faida yote ya 20 kama kawaida, ile 40,000 kwa bei mpya inakununulia vipande 454, si 500. Rafu inapungua taratibu na daftari linaonyesha faida. Sheria hii inauma upande wa pili pia: bei ya jumla ikishuka hadi 72, mzigo ulionunua kwa 88 haukupi haki ya kung'ang'ania 110. Wenzako watashuka, na wewe utabaki na mzigo.

---

MzigoMpya

Shukrani sana wakuu. Bei imepanda kwa wote, nimehakikisha kwa wasambazaji watatu. Sasa nitajuaje unyumbufu wa sabuni kwangu ni ngapi? Hizi namba za vitabuni siziamini kwa duka moja.

---

Kipimo

Nimepokea sahihisho la Daftari, liko sawa.

Kupima: chagua bidhaa moja tu. Andika mauzo ya kila siku kwa wiki mbili kabla ya kupandisha na wiki mbili baada ya hapo. Wiki nzima nzima, usichanganye nusu wiki, kwa sababu siku za wiki hazifanani na siku za mishahara zinavuruga kila kitu. Andika pia bidhaa ya kulinganishia ambayo hujagusa bei yake, na ambayo wateja hawainunui badala ya ile unayoipima wala hawainunui pamoja nayo. Kwa sabuni, usilinganishe na sabuni nyingine.

Kokotoa asilimia kwa kugawa kwa wastani wa namba mbili, si kwa ile ya mwanzo. La sivyo, kutoka 100 kwenda 110 utapata 10, na kurudi kutoka 110 hadi 100 utapata 9.1, na jibu litabadilika kwa safari ileile.

Mfano. Kabla: vipande 480 kwa wiki kwa 100. Baada: 456 kwa 110. Mauzo yameshuka 24, ukigawa kwa 468 ni asilimia 5.1. Bei imepanda 10, ukigawa kwa 105 ni asilimia 9.5. Unyumbufu ni 0.54. Unashangilia.

Sasa tazama bidhaa ya kulinganishia: imetoka 300 hadi 330. Watu walikuwa wengi zaidi wiki hizo. Bila kupandisha, sabuni ingetoka kama vipande 528. Kwa hiyo mshuko halisi ni 528 hadi 456: 72 kwa 492, asilimia 14.6. Unyumbufu ni 1.54. Daftari lilelile, jibu limegeuka kabisa.

Mambo mengine yanayoharibu kipimo: siku ambazo bidhaa iliisha (sifuri hapo si ukosefu wa wateja, ifute siku hiyo), na wateja waliosikia bei itapanda wakanunua ya mwezi mzima. Hawa wa pili wanafanya wiki ya kwanza ya bei mpya ionekane mbaya kuliko ilivyo. Ndiyo maana usiamue kwa wiki moja.

---

Daftari la Mauzo

Hapo kwenye 1.54 mtu atasema "imezidi 1, nirudi 100". Asikimbilie. Ile kanuni ya 1 inahusu MAPATO, si faida. Kwa mfano huohuo wa Kipimo: kwa 100, 528 × 100 ni mapato 52,800, kwa 110, 456 × 110 ni 50,160. Mapato yameshuka kweli. Lakini faida ghafi ni 528 × 12 = 6,336 dhidi ya 456 × 22 = 10,032.

Mwaka 1934 mchumi Abba Lerner alionyesha kipimo ambacho bado kinafaa dukani: muuzaji anayetafuta faida kubwa hufika mahali ambapo sehemu ya faida ndani ya bei ni sawa na 1 gawanya kwa unyumbufu. Kwa 110 yenye gharama 88, faida ni 22, yaani moja ya tano ya bei. Hiyo inafaa kama unyumbufu wako kwenye bei hiyo ni 5. Ukiwa 1.54, bado kuna nafasi ya juu. Sisemi uruke, maana unyumbufu wenyewe hukua kadiri unavyoiacha bei ya jirani chini. Panda kwa hatua ndogo, upime tena.

Tena kuna kitu ambacho hesabu ya kipande kimoja haikioni. Mteja anayefuata sabuni huondoka na vingine vitatu. Bidhaa ambazo watu wanazijua bei kichwani na kuzitumia kukupima kama wewe ni ghali au la, ziweke karibu na bei ya soko. Faida itafute kwenye vile vidogo visivyolinganishwa: sindano, pini, kamba, balbu. Tochi unaweza kuiuza kwa faida nyembamba kama betri zake mtu atarudi kuzinunua kwako. Lakini kama betri hizo zinapatikana kila mahali, umetoa faida bure.

---

Ghala Kuu

Nyote mmekaa upande wa mahitaji. Mboga za mleta mada ni suala la ugavi, yaani kiasi kinacholetwa sokoni.

Ugavi nao una unyumbufu wake (kiasi kinacholetwa kinaongezeka kwa asilimia ngapi bei ikipanda kwa asilimia 1), na kinachoutawala zaidi ni muda. Leo mzigo uliopo sokoni ndio huohuo, bei iwe mbili au kumi. Kwa miezi michache, mkulima anaweza kuongeza eneo. Kwa miaka, anaweza kuchimba kisima. Kwa hiyo mshtuko uleule wa mahitaji unapaisha bei leo na kuigusa kidogo tu mwakani.

Pale ambapo ugavi hauwezi kusogea na mahitaji nayo ni magumu, bei ndiyo inayobeba mzigo wote. Mwaka 1699 Charles Davenant, mwandishi wa mambo ya uchumi, alichapisha makadirio ya nafaka Uingereza: mavuno yakipungua kwa sehemu 1 ya 10, bei inapanda kwa sehemu 3 za 10, yakipungua kwa 5 za 10, bei inapanda kwa 45 za 10. Fanyeni hesabu: mavuno 90 kwa bei 1.3 ni 117. Wakulima kwa pamoja wanapata zaidi mwaka mbaya kuliko mwaka wa kawaida, na mwaka wa neema wanaweza kulia. Anayeona bei ya kiangazi akalima sana, anakuta wote wameiona bei hiyohiyo.

Jioni, mboga iliyo mezani gharama yake imeshalipwa. Bei ya kununulia haina tena kazi katika uamuzi. Kinachobaki ni kesho itakuwa na thamani gani. Kama kesho ni 10, kuuza kwa 15 ni sahihi hata kama ulinunua kwa 60. Jambo hili halihusu mboga tu. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ulifunga kwa dola 37.63 CHINI ya sifuri, kwa sababu matangi yalikuwa yanajaa na mwenye mkataba angelazimika kupokea mafuta.

Tatizo la punguzo la jioni ni kwamba ukilitoa kila siku saa ileile, mnunuzi wa saa 9 anajifunza kusubiri saa 12. Umejishushia bei ya mchana mwenyewe. Dawa ni kwenye oda ya asubuhi.

Tuseme unanunua fungu kwa 60, unauza 100, lililobaki linatoka kwa 10. Ukikosa mzigo unapoteza 40, ukibakiwa unapoteza 50. Gawanya 40 kwa 90 (yaani 40 + 50): 0.44. Panga mauzo ya bei kamili ya siku 20 kuanzia dogo hadi kubwa, zidisha 20 kwa 0.44, na agiza kiasi cha siku ya 9 katika mpangilio huo. Utaona ni chini kidogo ya siku ya kawaida, kwa hiyo siku nyingi zaidi utaishiwa kuliko kubakiwa. Inavyotakiwa ndivyo. Siku ulizoishiwa mapema, andika saa mzigo ulipoisha, maana mahitaji ya kweli yalizidi ulichouza.

---

MzigoMpya

Hii ya 0.44 nimeielewa vizuri. La mwisho: kuna anayeshauri bei ibaki 100 ila kipande kipunguzwe kutoka gramu 1,000 hadi 900.

---

Kipimo

Hiyo ni kupanda bei kwa asilimia 11.1 kwa gramu, zaidi ya ile 110. Inapita kwa anayenunua kwa fedha aliyonayo siku hiyo, kwani yeye anatazama sarafu kabla ya gramu. Anayefua kwa wingi ataigundua sabuni ikiisha mapema. Ukikata mwenyewe, andika 900 waziwazi na kipande cha 1,000 kibaki kwenye rafu kwa 110, mtu achague. Uzito ulioandikwa usipolingana na mzani, hilo si suala la bei tena, ni udanganyifu.

---

Ghala Kuu

Naongeza kipimo kimoja cha ni kiasi gani cha ile 8 (kutoka 80 hadi 88) kitamfikia mnunuzi, kwa kuwa imepanda kwa wote. Chukua unyumbufu wa ugavi, gawanya kwa jumla ya unyumbufu wa ugavi na wa mahitaji ya SOKO. Ugavi ukiwa 2 na mahitaji 0.5, ni 2 gawanya kwa 2.5: asilimia 80. Yaani ile 8, takribani 6.4 itaingia kwenye bei ya rafuni na 1.6 itamezwa na wauzaji. Kwa hesabu hiyo soko litatulia jirani na 106. Anza na 106, wiki mbili, daftari mkononi, halafu utazame wenzako wako wapi kabla ya kwenda 110.

---

MzigoMpya

Jumatatu bei inakuwa 106, na bidhaa ya kulinganishia nimechagua viberiti. Nitaleta namba hapahapa wiki ya nne.