Anayekunywa ili alale: apelekwe kwenye nidhamu au kwenye matibabu?

Wadau, mchangiaji mmoja amesema mwanafunzi akikutwa amelewa hosteli asimamishwe masomo papo hapo, maana "wengi tumepitia makubwa na hatujagusa chupa". Napinga. Kabla ya kumuuliza pombe kaitoa wapi, aulizwe analalaje.

Niliishi chumba kimoja na kijana aliyenusurika ajali iliyomuua kaka yake. Taa hakuizima hata siku moja, na viatu alilala navyo. Ikifika saa nne usiku anajimiminia pombe kali kwenye kikombe cha chai, anakunywa peke yake kimya kimya, nusu saa haipiti anakoroma. Saa tisa namkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika ukuta.

Ile saa tisa haikuwa bahati mbaya. Pombe huleta usingizi haraka kweli, na hapo ndipo watu wanaponasa. Mwanzoni mwa usiku hukandamiza ile hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi. Ikishapungua mwilini, ndoto hurudi kwa kishindo na usingizi hukatika-katika. Kwa mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili lililoachwa na tukio la kutisha, hizo ndizo ndoto alizokuwa anazikimbia. Mchana anasinzia darasani, usiku anaongeza kikombe. Daktari wa akili Edward Khantzian aliliandika hili mwaka 1985: mraibu mara nyingi anajaribu kujitibu maumivu ya moyoni.

Sisemi kila mlevi ana kiwewe. Wapo wanaokunywa kwa starehe tu, na anayempiga mwenzake awajibike, amelewa au hajalewa. Ila huyu wa kikombe cha chai? Ukimwamuru aache ghafla, naye anakunywa sana kila siku, anaweza kupata degedege. Anahitaji daktari, si karipio. Na tiba ya kukosa usingizi ipo: tangu 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, inapendekeza tiba ya kisaikolojia itangulie vidonge. Jinamizi nalo lina tiba yake: mtu anaiandika upya ndoto ile akiwa macho, anaibadilisha, kisha anairudia hiyo mpya kichwani kila siku.

Mwenzangu alisimamishwa muhula mzima. Barua niliisoma, kwa sababu alinipa niisome kwa sauti. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Imetaja chupa mara tatu. Usingizi haumo, wala kaka yake hayumo.

Mnaotetea kusimamishwa, nijibuni hili: huko nyumbani, ikifika saa tisa usiku, nani alikuwa naye?