Eti "ndo maana"! Huyu dada wa ustawi anikome

Wakuu nina hasira hapa hadi kuandika nashindwa. Yule dada wa ustawi wa jamii mnamjua, wa miwani mikubwa na pochi la kuingia watoto wawili, leo kaja kwangu Manzese kisa jirani mbea kapeleka maneno kwamba naacha watoto peke yao. Saa tisa usiku nafuata nyanya Ilala, mkubwa ana miaka 12 anabaki na wenzie, mama mwenye nyumba yuko chumba cha pili, sasa nimuachie nani, waziri? Kaingia hodi hakuna, kafunua sufuria, kahesabu magodoro, anajaza fomu kama anasajili laini. Mara, "We kabila gani?" Nikasema Mgogo. Akacheka. "Ndo maana."

NDO MAANA NINI???

Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 5 inakataza kubagua mtoto kwa kabila wala kipato, yeye kaandika "mazingira duni" kafunga faili. Mbezi Beach kuna katoto kametolewa Singida kanadeki ghorofa nzima, miaka 14 ya kuruhusiwa kazi hakajafika, mbona hagongi geti? Anaogopa mbwa. Kwangu hakuna mbwa, kuna Mgogo. Kapanda boda bado anacheka!! Ndo maana ndo maana, pumbavu.

Kichwa Ngumu: Pole. Ila watoto peke yao saa tisa usiku... ndo maana 😂😂

Mnyalu OG: Usicheke wewe. Sisi wa Iringa tukisema kwetu wanaulizia "nitafutie binti wa kazi". Nilishawahi kupiga 116, ile simu ya kusaidia watoto, kuripoti binti wa kwa bosi fulani, bosi kajua kabla sijakata simu.

Baba Wawili: Ustawi hao hao wananikamua elfu kumi ya matunzo kila wiki na watoto sioneshwi. Wanaume ndo tunaonewa, uzi ubadilishwe kichwa.

Mama Kijacho: Elfu kumi watoto wawili wiki nzima?? Wanakula hewa?

Baba Wawili: Na bia anazokunywa mama yao nilipe mimi?

Mama Kijacho: Ulimuoa anakunywa maziwa?

Dogo wa Sinza: Mleta uzi tenga la nyanya Ilala saivi shing'api?

Kichwa Ngumu: Usinunue tenga zima, juu nzuri chini zote mbovu. Wale madalali wafunguliwe uzi wao.

Dogo wa Sinza: Ufungue sasa hivi, mi nina picha.