Umeme jadidifu Ujerumani: cheti kinathibitisha nini hasa?

Swali: Ndugu mnaoishi Ujerumani, kampuni inayoniuzia umeme inadai kwamba umeme wangu wote ni jadidifu, ilhali nyaya zinazoingia kwangu ni zilezile za jirani anayelipia umeme wa kawaida. Nichague kwa kigezo gani?

Jibu la kwanza: Umeme ukishaingia kwenye gridi hautenganishiki tena, kwa hiyo kinachofuatiliwa ni cheti cha asili, yaani hati inayoonyesha umeme ulizalishwa wapi na kwa chanzo gani, kimoja kwa kila megawati-saa 1 (kilowati-saa 1,000), ambacho tangu 2013 husajiliwa katika daftari la Umweltbundesamt, mamlaka ya mazingira ya serikali ya shirikisho ya Ujerumani, na kufutwa kinapotumika, ili kisihesabiwe mara mbili. Udhaifu wake, na ni mkubwa, ni kwamba huweza kuuzwa mbali na umeme wenyewe: mabwawa ya umeme ya Norwei yaliyojengwa miongo mingi iliyopita huuza vyeti nje, na malipo hayo hayamlazimu yeyote kujenga mtambo mpya.

Jibu la pili: Ndiyo maana nakusihi utafute nembo ya Grüner Strom-Label, inayomtaka muuzaji atenge kiasi maalumu kwa kila kilowati-saa kwa ajili ya miradi mipya ya nishati.